Pama ya Mzee si Pambo la Ukutani

Kuna watu wawili wanaomdhulumu mzee wa Njombe avaaye pama, na kila mmoja wao hujinadi kuwa ni rafiki wa utamaduni. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba kofia ile ya sufu yenye ukingo ni masalio ya mkoloni, kasumba iliyomkaa mzee kichwani kwa maana zote mbili za neno. Wa pili ni yule aipendaye mno kofia hiyo, anayejua kiwanda chake na mwaka wake, ambaye hutoa noti mbili tatu, akaichukua na kwenda kuitundika ukutani mjini. Wa kwanza hutukana na wa pili hulipa, ila mzee hupata hasara ileile: kofia imeondoka, na habari iliyokuwa imeambatana nayo haikuulizwa na yeyote.

Kabla ya kuwajibu wawili hao, yafaa msomaji wa visiwani apande milima kidogo. Njombe imekaa yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na misitu ya miwati hata jua lipate nguvu. Mtu wa Unguja, ambaye kofia kwake ni kitambaa cheupe kilichotobolewa viua ili kichwa kipate upepo, asihukumu upesi. Kule kofia inatakiwa ifanye kazi iliyo kinyume kabisa: itunze joto, ihimili manyunyu, na imwage maji mbali na ukosi wa koti. Mjini Njombe ipo kata iitwayo Ramadhani. Jina la mwezi wa mfungo limetua katikati ya nchi ya makanisa, wala haijasikika kwamba kuna aliyewataka wakazi walirudishe pwani. Safari ya kilomita sitini hivi kuelekea kaskazini humfikisha mtu Makambako, panapokutana barabara ya Songea na ile kuu iendayo Mbeya na Zambia, na ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ina stesheni yake. Mji kama huo, wa njia panda, hupokea kila kitu: mahindi, viazi, wasafiri, marobota ya mitumba, na ndani ya marobota, kofia.

Pama inayozungumzwa hapa ni ile ambayo Ulaya na Marekani huitwa fedora. Jina hilo lilitokana na mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Victorien Sardou, *Fédora*, ulioonyeshwa Paris mwaka 1882, na mwigizaji Sarah Bernhardt akawa ndiye binti mfalme Fédora. Kwa hiyo kofia ambayo leo huhesabiwa kuwa alama ya uanaume ilipata jina kwa mwanamke, na ni wanawake walioitangulia kabla ya wanaume kuishika katika miaka ya 1920. Haifumwi wala haishonwi. Manyoya ya sungura, au ya biva, yule mnyama wa mito ya Amerika Kaskazini, hupulizwa yakatandazwa juu ya pia kubwa, yakamwagiwa maji ya moto, yakakandwa na kushindiliwa hata yashikane yenyewe kwa yenyewe na kusinyaa. Kisha hutiwa mvuke na kuvutwa juu ya kalibu ya mbao. Zipo pama za sufu ya kondoo, nazo ni rahisi zaidi. Mvua moja kubwa huzitambulisha, kwa maana ukingo hulegea na kofia husinyaa, ilhali ile ya manyoya ya sungura hutikiswa tu matone yakaruka. Borsalino wa Alessandria, Italia, walianza kazi hiyo mwaka 1857, na John B. Stetson wa Philadelphia mwaka 1865. Katika viwanda vingi vya zamani manyoya yalilainishwa kwa dawa yenye zebaki, na mafundi wakatetemeka mikono na kuharibikiwa akili kwa sumu yake. Marekani haikuikomesha kazini hadi mwaka 1941. Wanaoimba sifa za enzi ya dhahabu ya kofia hawapendi kukumbushwa habari hiyo.

Sasa aitwe mtu wa kwanza, mwenye neno lake la kasumba. Hoja yake ni moja tu, nayo ni ya asili: kilichotoka kwa mgeni hubaki cha mgeni. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi na ianze kazi hapa visiwani kabla ya kupanda Ubena. Merikani, nguo iliyowavika watu wa pwani na wa bara kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ilifumwa Massachusetts na jina lake halikuficha kitu. Kanga, ambayo sanduku la bibi harusi halikamiliki bila yake, ilipigwa chapa Manchester, Uholanzi, Uhindi na Japani miaka mingi kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kuwapo. Na tarbushi? Kofia ile nyekundu yenye kishada, iliyovaliwa na mabwana wa mjini na kwa namna yake na askari wa King's African Rifles, ni sufu iliyoshindiliwa vilevile kama pama. Sehemu kubwa ya tarbushi walizovaa Waturuki wenyewe zilitoka katika viwanda vya dola ya Austria. Ndiyo maana mwaka 1908, Austria ilipoitwaa Bosnia, wananchi wa dola ya Uthmani walizisusia tarbushi hizo na wengine wakajifunika vikofia vyeupe vya nyumbani. Tarbushi na pama ni ndugu wa tumbo moja, na kilichowatofautisha ni ukingo.

Huo ukingo nao una kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachopaswa kumfunza mwenye hoja ya kasumba. Novemba 1925 Uturuki ya Mustafa Kemal ilipitisha sheria ya kofia: tarbushi marufuku, na kofia ya Kizungu ikawa ndiyo vazi la kichwa la raia. Muislamu hupeleka paji la uso chini katika sijda, na kofia yenye ukingo humzuia, hivyo watu walielewa haraka sheria ilikuwa inagusa wapi. Palitokea fujo katika miji kadhaa na watu wakanyongwa. Iskilipli Atif Hoca, mwanachuoni aliyetoa kijitabu cha kupinga kofia hiyo mwaka 1924, kabla ya sheria yenyewe kuzaliwa, alishitakiwa kwa kijitabu hicho na kutiwa kitanzini Februari 1926. Pale, naam, kofia ilikuwa dhulma, kwa sababu dola iliishikilia kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono wa pili. Tanganyika haikuwa na sheria ya namna hiyo. Hakuna liwali wala bwana shauri aliyemlazimisha Mbena kuvaa pama. Katika makoloni mengi ya Afrika adabu aliyodaiwa mtu mweusi mbele ya Mzungu ilikuwa ni kuvua kofia, siyo kuivaa. Mtu aliyetakiwa kuivua barabarani akairudisha kichwani baada ya hatua kumi alikuwa anasema jambo, na anayemwita mwigaji hakumsikia.

Tena nchi hii imekwisha kuijaribu hekima ya kupima utamaduni kwa nguo, na matokeo yake yanajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmasai aliamrishwa aache rubega na udongo mwekundu na kuvaa suruali, kwa kuwa vazi lake la asili lilionekana ni aibu kwa taifa. Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya TANU Youth League, na msichana wa Dar es Salaam akaandamwa kwa sketi fupi na wigi, kwa kuwa vazi lake la kigeni lilionekana ni aibu kwa taifa. Mmoja kosa lake ni uasili na wa pili kosa lake ni ugeni, katika nchi moja na karibu katika mwaka mmoja! Na wakubwa waliotoa hukumu hizo mbili walikuwa wamevaa nini? Aghalabu suti iliyopewa jina la Chou En-lai, waziri mkuu wa China aliyezuru nchi mwaka 1965. Suti ya Beijing ikawa sare ya Ujamaa na hapana aliyeiita kasumba. Wala haikuwa kasumba. Watu waliichukua, wakaikata kwa mikono mifupi kwa ajili ya joto, wakaizoea, ikawa yao. Haki iliyopewa suti hiyo kwa nini inyimwe pama?

Maana pama nayo ilichukuliwa, na njia iliyopitia inajulikana kuliko wengi wanavyodhani. Njombe ilikuwa moja ya nchi zilizotoa manamba kwa wingi kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wilaya haikuwa na zao kubwa la kuuza, na kodi haikusubiri. Vijana walipanda malori, wakakata mkonge kwa kipande, wakarudi baada ya mwaka au miaka. Wengine wa Nyanda za Juu za Kusini walivuka mpaka na kushuka katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika ilipositisha uandikishaji huo baada ya uhuru. Waliorudi walirudi na vitu vinavyoonekana: blanketi, baiskeli, koti, cherehani kwa aliyebahatika, na kofia. Kodi iliyomtoa kijana kwao iliitwa kodi ya kichwa. Alipoilipa akabakiwa na senti za kukivika kichwa hichohicho pama nzuri, ni nani wa kumwambia kwamba aliiga? Aliinunua kwa mgongo wake. Akaivaa kanisani au msikitini (ambako huivua mlangoni na kutoa kofia ndogo mfukoni), akaivaa barazani, mazikoni na siku ya kwenda kuposea mwanawe. Kijiji kilimjua kwa umbo la ukingo wake kabla hajatamka hodi.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili, na huyu ni mgumu zaidi kupingwa kwa sababu ana elimu. Mkusanyaji wa pama kongwe anajua mengi, na haki yake apewe. Huigeuza kofia akatazama ngozi ya ndani, akasoma chapa ya dhahabu iliyofifia, akajua kiwanda. Huinua ngozi hiyo kwa kidole akatafuta kijikaratasi cha vipimo kilichofichwa nyuma yake. Anajua kwamba 57 ya Ulaya ni 7 ya Uingereza, na kwamba Mmarekani huongeza thumuni juu ya hiyo. Anajua kwamba alama za X katika kofia za Marekani, ambazo hapo zamani zilihusishwa na wingi wa manyoya ya biva, hazina tena kipimo kinachokubaliwa na viwanda vyote. Hupima unene wa sufu kwa ncha za vidole kama mwenye duka la hariri. Ni ujuzi wa kweli, na laiti ungefundishwa kwa vijana wa Makambako wanaofungua marobota, wasingeuza kwa bei ya soda kitu ambacho ng'ambo huuzwa kwa mamia ya dola.

Lakini muulize mkusanyaji huyo: hii aliivaa nani? Hapo ulimi huwa mzito. Atasema ni Borsalino ya miaka ya 1950. Hiyo ni habari ya Alessandria. Habari ya Njombe iko wapi?

Wala si kwamba habari hiyo haimo katika kofia yenyewe. Imo, na mkusanyaji huifuta kwa mikono yake akidhani anaisafisha. Doa la jasho lililopanda kutoka kwenye ngozi hadi kwenye utepe ni miaka ya jua na kazi. Yeye hulitoa kwa dawa. Ukingo ulioteremshwa mbele na kupindwa nyuma kwa mtindo wa mwenyewe hutiwa mvuke ukarudishwa kama ulivyokuwa dukani. Utepe uliobadilishwa na fundi cherehani wa sokoni, pengine kwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine, hung'olewa na kuwekwa utepe "sahihi" ulioagizwa kutoka ng'ambo. Kofia inarudi kuwa mpya, yaani inarudi kuwa ya kiwandani, na nusu karne ya Ubena inakwenda na maji machafu. Kazi hiyo huitwa ukarabati. Mtu akiukwangua ukurasa wa mswada wa zamani ili apate karatasi nyeupe, wasomaji wa jarida la fasihi wangempa jina jingine.

Jambo moja zaidi huonyesha udhaifu wa elimu isiyouliza. Pama za Makambako si za asili moja. Zipo zile zilizonunuliwa mpya dukani na babu kwa fedha ya mkonge, na zipo zilizokuja katika marobota baada ya nchi kulegeza masharti ya biashara katika miaka ya 1980 na mitumba kuruhusiwa. Chapa ya ndani inaweza kuwa ileile. Mkusanyaji aliyesoma chapa tu ataziweka rafu moja. Ilhali ya kwanza ni ushahidi wa kazi ya manamba, na ya pili ina maisha mawili: ya kwanza katika kabati la mtu asiyejulikana wa Italia au Marekani, ambaye warithi wake waliitupa kwa sababu wanaume wa kwao waliacha kofia tangu miaka ya 1960, ya pili kichwani mwa mtu aliyeichagua kwenye lundo, akaipuliza vumbi, akaipa heshima iliyokuwa imenyimwa na waliomzaa mwenyewe wa mwanzo. Borsalino yenyewe ilitangazwa kufilisika mwaka 2017 kabla ya kununuliwa na wenye mali wapya mwaka uliofuata. Katika miaka yote ambayo wateja wa Ulaya walikuwa wakiikimbia pama, wazee wa Nyanda za Juu waliendelea kuivaa kila Jumapili. Kama kuna anayestahili kuitwa mhifadhi, ataitwa nani kabla yao? Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoazimia kuikomesha mitumba ifikapo 2019, mjadala ulikuwa wa viwanda, ajira na ushuru, na baadaye wa vitisho vya Marekani. Hayo ni mambo mazito na yana wenyewe. Ila hapakusikika sauti ya kuuliza watu walikuwa wamezifanyia nini nguo hizo baada ya kuzivaa miaka thelathini.

Watetezi wa wakusanyaji wana jibu lao. Husema: mjukuu ameuza kwa hiari yake, na kofia ingebaki kwake ingeliwa na nondo. Kwa sehemu ni kweli. Mzee akifariki nguo zake hugawiwa jamaa, pama ikamwangukia kijana avaaye kepu ya mpira, na kepu haina adabu za pama. Hajui kwamba haishikwi kwa kubinywa juu kwenye bonde lake, kwamba huwekwa chini kichwachini ili ukingo usipinde, kwamba ikilowa huachwa ikauke polepole mbali na moto. Hayo aliyajua mzee, na hapana aliyemwandikia. Kwa hiyo kuuza si dhambi, na kununua si wizi. Lawama ni ya kimya. Mnunuzi aliyekaa robo saa akibishana bei angeweza kukaa robo saa nyingine akiuliza jina la marehemu, alifanya kazi wapi, kofia aliinunua mji gani, na aliivaa siku zipi. Hakuuliza, kwa sababu katika soko lake majibu hayo hayaongezi bei.

Ni hapo watu wawili wa mwanzo wanapokutana, ingawa hawasalimiani. Anayesema pama ni kasumba humwambia mjukuu kwamba kitu cha babu yake si chochote katika utamaduni. Anayeinunua hupita nyuma yake na kukusanya kilichoshushwa thamani. Majarida ya pwani nayo yana sehemu yao katika hili. Kila mara vazi la Mswahili linapoandikwa huandikwa kanzu, kanga, buibui na kofia ya viua, kana kwamba Kiswahili hakikupanda reli na malori, kana kwamba Mbena aliyejifunza lugha hii katika kambi ya mkonge akaitumia kwa nusu karne hana lililo lake la kuvaa ndani yake. Watu wa visiwani wanajua uchungu wa kupoteza ghala la kumbukumbu: Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na kilichokuwa ndani kikawa ni swali la kila mtu. Kule Ubena jengo halikuanguka kwa kishindo. Kumbukumbu inatoka moja moja, mlango kwa mlango, ndani ya mifuko ya rambo.

Kazi inayotakiwa si kubwa wala haihitaji mfadhili. Makumbusho ya Boma la Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika mji ambao Njombe ilikuwa chini ya mkoa wake hadi 2012, yangeweza kuanza na pama kumi tu zenye majina ya wavaaji, jasho lao likiwa mahali pake na utepe wa fundi wa sokoni ukiwa mahali pake. Isipokuwa zile kongwe zaidi zipimwe kwanza, kwani wahifadhi wa nchi nyingine wamekuta mabaki ya zebaki katika kofia za zamani. Walimu wa sekondari za Njombe wangeweza kuwatuma wanafunzi kwa mababu zao na daftari. Na mkusanyaji, maadamu hataacha kununua, anaweza kufanya jambo dogo siku ileile ya kununua, akiwa bado amesimama kwenye ua wa watu. Achukue kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, kwa sababu wino huchuja. Aandike jina la aliyeivaa, kama jamaa wameridhia, kijiji chake, kazi aliyoifanya, mahali ilikonunuliwa kofia na mwaka kama unakumbukwa, na siku alizozoea kuivaa. Kisha ainue ile ngozi ya ndani aijuayo sana, na karatasi hiyo aiweke nyuma yake, pamoja na ile ya kiwanda.